Félicité wa Kwenye Pazia

Ukimwona mwanamke wa miaka sitini na sita amejaribu vitambaa vya kichwa mpaka kitanda kimefunikwa chote, usimuulize anakwenda wapi. Haendi popote. Anajiwa.

Jumamosi ile ya mwaka 2012, katika fleti ya ghorofa ya pili pale Glenwood, Durban, Mama Félicité Mwange alisimama mbele ya kioo akafunga kitambaa cha bluu, akakivua, akachukua cha njano, akarudi kwa kile cha bluu. Akajicheka mwenyewe. Enzi zake alikuwa na mtu wa kumfunga kilemba na mwingine wa kumpaka poda, na akivuka barabara Lubumbashi madereva walisahau kazi iliyowatoa nyumbani. Leo poda aliinunua kwa wamachinga wa mjini na kilemba alikifunga mwenyewe, lakini moyo ulidunda vilevile kama wa msichana, na moyo huo haukutaka kabisa kusikia habari za umri.

Mlangoni alisimama mwanawe, Serge, mikono kifuani. Serge alikuwa msimamizi wa ghala kule Mobeni, na hata nyumbani alisimama kama yuko kazini, akihesabu makosa.

“Mama, wakati ingali iko. Unaweza kukatala.”

“Nikatale nini? Mutu hajafika hata.”

“Akishafika itakuwa nguvu kumurudisha. Mama, nisikilize. Huyu papa hakupendi weye. Anapenda ile Félicité ya film. Batu bote ya umri yake banapenda ile Félicité. Mupaka pasta alikuomba utie sahihi kwenye Biblia yake!”

“Alikuwa amechoka, maskini.”

“Eish, mama! Mi sichekeshi.” Serge akashusha sauti. “Na papa yangu, je? Umemusahau?”

Hapo Félicité aliacha kucheka. Akaketi pembeni ya vile vitambaa.

Hakuwa amemsahau. Angewezaje? Alikuwa ametoka kwao Kalemie akiwa binti mbichi, akaenda Lubumbashi kujifunza kushona. Siku moja Mzungu mtengeneza filamu aliingia kwenye kile kibanda cha cherehani kutaka suruali ipunguzwe kiuno, akatoka na mwigizaji. Filamu saba alicheza. Alikuwa muuguzi, alikuwa binti wa stesheni, alikuwa mke wa dereva wa lori na mjane wa mwalimu. Alipendwa, aliachwa, alikufa, na kila alipokufa watu walitoka ukumbini macho yamevimba. Uso wake ulining'inia kwenye kalenda katika vibanda vyote vya vinyozi. Kisha Mzungu akarudi kwao, kampuni ikafungwa, na kalenda zikabadilishwa, kwa maana ndiyo kazi ya kalenda.

Baba yake Serge alikuwa ameitazama ile filamu ya stesheni mpaka mlinda mlango akamwacha aingie bure. Alimpenda Félicité wa kwenye pazia la sinema, ambaye hakoromi, haunguzi mboga ya sombe, na akilia hutoa chozi moja tu, tena kwa upande mzuri wa uso. Akamposa, akaoa. Alipogundua kwamba ndani ya nyumba yake kuna binadamu, alikasirika kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu, na mwishowe akaenda zake akamwacha na mtoto mgongoni.

Ndiyo maana Félicité, pamoja na kitambaa chake cha bluu na moyo wake wa kisichana, alikuwa na hofu. Alikuwa na swali moja kwa Papa Pontien, huyo aliyekuwa akija kumposa: kama asingemwona kwenye pazia, angempenda? Hajawahi kuliuliza. Walitembea pamoja kila Jumapili kutoka kanisani, yeye na yule fundi wa simu mpole, mjane aliyekuja Durban baada ya kuzika wote aliokuwa nao. Walizungumza habari za Kalemie, za samaki wa ndagala, za magoti. Lakini kila alipomuuliza alimjulia wapi, mzee alikohoa akaanza kusifu mvua. Basi leo atamuuliza. Na jibu likiwa lile la siku zote, atamrudisha alikotoka kwa heshima, kisha atajifungia chumbani alie apendavyo.

“Sijasahau,” alimwambia mwanawe. “Leo weye uliza, mi nitasikiliza.”

“Hodi humu ndani! Hodi wenye nyumba!”

Sauti ile haikuwa ya Papa Pontien. Ilikuwa ya Kidawa, mwanamke wa Tanga aliyeuza vitenge chini ya jengo lilelile, na aliyejua habari za kila fleti kuliko wenye fleti. Aliingia amejitanda kanga mpya inayonukia udi, kifua mbele. Nyuma yake, katika koti la suti lililopigwa pasi mpaka likang'aa, alikuja Papa Pontien, amebeba kofia mikononi kama mtu anayebeba mayai.

“Ma Kidawa?” Serge alishangaa. “Weye njo mushenga?”

“Ndiye mimi hapa.”

“Lakini mushenga ni mwanaume!”

“Wewe baba, mwenzangu huyu hana ndugu Durban nzima. Angekuja na nani, na askari wa getini? Kwetu sisi mshenga ni mtu mwenye ulimi. Mimi ulimi sina?”

“Uko nao,” walisema Serge, Félicité na Papa Pontien kwa pamoja.

“Haya basi, nipeni kiti.”

Wakaketi. Mambo yalikuwa yamepinduka juu chini na kila mmoja alijua. Katika posa za kawaida binti hufichwa chumbani, na baba mtu hukaa sebuleni amenuna. Hapa aliyenuna alikuwa mtoto, na aliyeposwa alikuwa mama yake, tena hakutaka kufichwa. Félicité alikaa palepale kwenye kochi, magoti pamoja, akimtazama Papa Pontien, na Papa Pontien akimtazama kwa pembe ya jicho na kuirudisha kofia yake magotini kila ilipoteleza.

Kidawa alikohoa. “Bwana Serge, sisi tumepita hapa kwenu, tukaona ua.”

“Hilo ua ni mama yangu.”

“Ua ni ua, baba, hata likikomaa. Tunaomba tulichume kwa ruhusa yenu, tulitunze, tulimwagilie—”

“Ma Kidawa, pardon,” Serge alimkatiza, akamgeukia mzee. “Papa Pontien, mi nakuheshimu. Lakini mi njo niko naishi na mama, na mi njo nitamuokota akianguka. Unijibu kitu moja tu. Mama ulimujulia wapi?”

Kidawa alimgusa mzee kwa kiwiko, wasiwasi usoni.

“Kwa film,” mzee alisema.

Serge alinyoosha mikono yote miwili hewani, akaikunja tena kifuani, kisha akamtazama mama yake bila furaha yoyote ya kushinda. Hilo lilimuuma Félicité zaidi, kwamba hata mwanawe alikuwa ametamani jibu lingine. Kumbe ni yuleyule tena. Yule wa kwenye pazia amemtangulia hata huku Durban, amefika kabla yake na kuchukua kiti.

Alisimama, akanyoosha kitenge chake.

“Papa Pontien, asante ya kuja. Vraiment, asante. Umenitembeza Jumapili nyingi na sikujuta hata moja. Lakini ile mwanamuke unayemutafuta hayuko hapa. Hakuwako hata zamani. Ilikuwa poda na taa na maneno ya batu bengine. Mi ni mutu wa magoti mabaya. Mi nakoroma, papa.”

“Najua,” alisema Papa Pontien.

“Unajua nini?”

“Ya kama unakoroma. Tangu mutoto. Mama yako aliniambia.”

Félicité alishika mkono wa kochi.

Mama yake. Mama Libérate, ambaye Félicité hakumwona tena tangu asubuhi ile ya kupanda treni kwenda Lubumbashi. Baba yake aliposikia kwamba binti anacheza filamu, alituma neno kwa watu wa reli: mwanamke anayekumbatiwa mbele ya watu si mtoto wangu, asikanyage hapa. Mama yake hakutuma neno lolote, na Félicité aliuchukua ukimya ule kuwa ni neno lilelile. Alipopata ujasiri wa kurudi, mama alikuwa amekwisha zikwa. Tangu hapo alikuwa akiishi na jambo hilo kama mtu anavyoishi na jino bovu, akitafunia upande mwingine.

“Mama yangu ulimuona wapi?” aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

“Kaa, Mama Félicité. Kaa, nitasema yote.”

Akakaa. Kidawa, kwa mara ya kwanza tangu afahamike Glenwood, hakusema kitu.

“Mi nilikuwa kazi kwa mapadri,” Papa Pontien alianza. “Balikuwa na gari ya sinema. Tunazunguka Kalemie na vijiji vya kando ya ziwa, tunatundika shuka nyeupe, giza ikiingia tunaonyesha film. Sasa film ni ya Kifaransa, na batu habasikii Kifaransa. Donc mi nasimama pembeni ya ile shuka na mikro ya kusemea, nasema yote kwa Kiswahili. Mwanaume akisema, ni mi. Mwanamuke akisema, ni mi. Mbwa akilia, ni mi.”

“Kwetu tulikuwa nao,” Kidawa alinong'ona. “Watu hao walikuwa watamu kuliko sinema yenyewe.”

“Padri alinifundisha kitu moja. Pontien, usiangalie picha. Angalia batu. Ukiona uso umepotea, eleza tena. Basi film niliitazama siku moja tu, nishike maneno. Kisha nikaipa mugongo. Miaka yote ile niliipa mugongo.”

“Filamu zangu?” Félicité aliuliza. Hata katikati ya mshangao wivu wa kazi ulimchoma. “Hukuniangalia?”

“Kila film mara moja tu. Pardon.”

Serge alishusha mikono yake taratibu.

“Ikaja ile ya muuguzi,” mzee aliendelea. “Ile unakufa na homa. Tuko kiwanja cha mpira, Kalemie, batu bengi sana. Unafunga macho, bwana wako anaanguka juu ya kitanda. Mi naangalia batu. Naona mama moja mbele kabisa anasimama. Anapiga yowe! Anatupa kitambaa chini, anajitupa na yeye. ‘Félicité yangu! Bamemuua mutoto wangu huko Lubumbashi!’ Na banamuke bote bakaanza kulia. Ilikuwa matanga ya kweli. Batu bameanza kumushika, kumumwagia maji. Nilijua tu: huyu njo mama yake. Hajui kama film ni muchezo. Nani alimuelezea?”

Félicité alifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

“Ulifanya nini?” Serge aliuliza.

“Nilisema kwa mikro: ‘Hajafa! Nyamazeni! Amezimia tu!’”

“Lakini papa,” Félicité alisema kati ya vidole vyake, “ile film, kisha hapo bananizika. Sanduku iko. Kaburi iko.”

“Iko,” Papa Pontien alikiri. “Niligeuka kidogo nikaona sanduku inapita. Nikasema ni shangazi yako.”

Kidawa alitoa sauti kama birika linalochemka.

“Shangazi gani?”

“Nilisema iko shangazi, alikufa na uzee siku ileile. Weye umepelekwa Bukavu kwa munganga mukubwa.”

“Na bwana wangu? Analia juu ya kaburi mupaka film inaisha!”

“Nilisema alimupenda sana shangazi.”

Kicheko kilichomtoka Félicité hakikuwa cha kwenye filamu yoyote. Kilitoka na machozi pamoja, akashindwa kujua kipi kimetangulia, akamshika Kidawa begani ili asidondoke. Hata Serge, msimamizi wa ghala, aligeukia dirisha, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

“Padri alinigombeza sana,” Papa Pontien alisema kwa uzito, kwa sababu yeye hakuona kichekesho. “Lakini yule mama alikuja kesho yake na kikapo ya viazi. Akasema, ‘Mwanangu, asante ya kumuponya.’ Nilimuelezea kama ni muchezo tu, uko muzima, unakula vizuri. Akaelewa. Lakini akaniomba kitu. Akasema, ‘Hata kama ni muchezo, usimuache afe.’ Donc sikukuacha. Kila pahali tulionyesha ile film, ulipona.”

Félicité alijifuta macho kwa ncha ya kitenge chake.

“Alikuwa anakuja kila tukionyesha. Anatembea mupaka vijiji vya mbali. Anakaa mbele, anaambia batu, ‘Yule ni wangu. Mi nilimuzaa.’ Halafu tukifunga vyombo anabaki ananielezea weye. Si ile ya picha, ile sikuijua. Weye. Ya kama unaogopa vyura. Ya kama unalala miguu nje ya blanketi, unakoroma. Ya kama unaimba vibaya ukipika, na sombe inaungua sababu unaimba. Ya kama ulimupa mutoto wa jirani kandambili yako ukarudi nyumbani pekupeku, ukasema umeipoteza ili usisifiwe.” Alitazama kofia yake. “Nilikuwa kijana. Kila siku nasikia habari ya huyu binti. Nikamupenda. Sikujua hata vizuri uso yake. Kisha maisha ikapita, nikaoa bibi, nikamuzika, Mungu amupumuzishe, alikuwa mutu muzuri. Siku ya kwanza kanisani hapa Durban ulisimama ukataja jina yako na ya mama yako, kidogo nianguke kwenye benchi.”

“Mama yangu,” Félicité alisema. “Hakunikasirikia?”

“Ya nini? Alikuwa anajivuna mupaka batu banamukimbia.”

“Juu ya nini hakunitumia neno?”

“Papa yako alikataza, na yeye alikuwa mutu wa kutii. Lakini kutembea usiku kwenda sinema, hiyo hakukatazwa. Alisema Mungu aliacha mulango moja wazi.”

Jino lile bovu, baada ya miaka yote, liling'oka bila maumivu. Félicité alilihisi likiondoka. Alishukuru kimoyomoyo, akamshukuru Mungu, akaishukuru ile shuka nyeupe na yule padri mkali, akashukuru hata ile suruali ya Mzungu iliyokuwa pana kiuno. Hakujua kwamba mtu anaweza kushukuru vitu vingi hivyo kwa mara moja.

“Iko na ingine,” alisema Papa Pontien polepole. “Siku moja papa yako alikuja.”

“Papa yangu hakuingia sinema maisha yake.”

“Hakuingia. Alisimama nyuma, pembeni ya gari, kwa giza. Ilikuwa ileile ya muuguzi. Film ikaisha, batu bakaenda. Alinifikia, hakunisalimia. Akaniuliza neno moja tu. ‘Atapona?’”

Félicité alishindwa kumtazama.

“Nikamujibu, ‘Atapona, muzee.’ Akaitika na kichwa, akaenda.”

Serge alitoka dirishani akaja akachuchumaa mbele ya mama yake, akamshika mikono. Hakuwa amewahi kumjua babu yake ila kwa ile laana. Kisha alimgeukia mzee, na sauti yake haikuwa tena ya ghalani.

“Papa, haya yote uko nayo, na mama anateseka. Juu ya nini hukusema mbele ya leo?”

“Niliogopa, mwanangu. Ningemuelezea, angenikubali kwa asante. Asante ni kitu kikubwa, lakini haiamuki asubuhi kukuuliza umelala je. Mi sikutaka kulipwa. Nilitaka anipende tu, mi fundi wa simu, bila kujua.” Akasimama. Aliyaona machozi ya Félicité na akayaogopa. “Na sasa nimeharibu. Mwanangu Serge, mama yako amechoka. Anataka kusema twende tu, tutarudi siku ingine, kwa sababu leo hawezi—”

“Pontien.”

Hakumwita Papa. Kidawa alinyanyua nyusi mpaka chini ya kanga.

“Nyamaza kidogo,” Félicité alisema, akasimama naye. “Umenisemea Kalemie nzima na vijiji vyote vya ziwa, kwa mudomo yako, na umesema vizuri kuliko mi mwenyewe. Mama yangu alilala usingizi sababu ya weye. Papa yangu alirudi nyumbani na jibu sababu ya weye. Asante. Asante sana. Siwezi kukulipa na sitajaribu, Mungu njo atakulipa. Bon. Hiyo imeisha, tuiweke kule.” Akaionyesha mahali, pale pembeni ya televisheni, na wote wakatazama kana kwamba kweli imewekwa. “Sasa hii ingine nitasema mwenyewe.”

Akamgeukia mwanawe. Katika filamu saba kila neno la mapenzi alilolitamka lilikuwa limeandikwa na mtu mwingine, na aligundua, akiwa na miaka sitini na sita, kwamba hakuwa na hata moja la kwake. Ikabidi alitafute palepale.

“Serge, mi namupenda huyu mutu. Nilimupenda mbele ya kusikia habari yoyote ya leo, tangu siku ile ya mvua alishika mwavuli yote upande yangu, yeye akaloa mupaka viatu, na akaendelea kunielezea bei ya ndagala. Asubuhi ya leo nilikuwa nimejiandaa kumufukuza, na nilikuwa nakufa. Nataka aamuke mu nyumba yangu, aniulize nimelala je. Njo hivyo. Sina neno ingine.”

Serge akasimama, akavuta shati lake vizuri, akampa Papa Pontien mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama mtu anavyompa mkono mkubwa wake.

“Papa,” alisema, “mama anakoroma kweli. Mi nimesikia miaka yote. Usirudi kwangu kusema sikukuonya.”

“Sitarudi kusema,” alisema Papa Pontien.

Na Kidawa, aliyekuwa amebana ulimi wake muda mrefu kuliko siku zote za maisha yake, akaufungulia kwa kigelegele kilichosikika mpaka barabarani.